Kutoka Fumbo hadi Mlinganyo: Historia ya Hatua za Aljebra katika Shule za Tanzania kwa Mfano wa Mang'ola, Karatu

1. Utangulizi

Swali la aljebra ambalo mwanafunzi hupewa akalifanye nyumbani kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maneno: kuna mtu, kuna mali yake, na kuna kiasi kisichojulikana. Sehemu ya pili ni alama: herufi, namba na alama ya sawasawa. Kati ya sehemu hizo mbili ipo hatua ambayo mara nyingi haiandikwi katika daftari, nayo ni hatua ya kuyageuza maneno yawe mlinganyo. Walimu wa shule za msingi nchini Tanzania huyaita maswali ya namna hii mafumbo, na jina hilo linastahili. Atakayefumbua fumbo lazima kwanza aelewe lugha ya anayefumba.

Makala haya yanachunguza historia ya hatua hiyo. Hoja kuu ni kwamba aljebra ilizaliwa kama elimu ya maneno, na ilidumu hivyo kwa karne nyingi kabla ya kuvikwa alama. Nchini Tanzania, mfumo wa elimu uliojengwa baada ya mwaka 1967 ulimfundisha mtoto hatua hizo kwa Kiswahili, kisha ukamtaka azijenge upya kwa Kiingereza alipoingia Kidato cha Kwanza, wakati uleule ambapo herufi na alama zinaanza kushika nafasi ya namba. Kwa hiyo, sehemu ya ugumu unaohesabiwa kuwa ni ugumu wa hisabati ni ugumu wa kihistoria, uliotokana na uamuzi wa sera.

Mang'ola imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo maisha ya kila siku hutegemea vipimo ambavyo sehemu yake moja haijulikani. Pili, ni mahali ambapo Kiswahili chenyewe, kwa watoto wengi, si lugha ya kwanza.

2. Mang'ola: bonde la mifereji, magunia na lugha nyingi

Mang'ola iko katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro na Oldeani. Karatu yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi ilipotengwa katika miaka ya 1990. Ziwa ni la magadi, jua ni kali na mvua ni haba, lakini chemchemi za Qangded hutoa maji matamu ambayo wakulima huyapeleka mashambani kwa mifereji. Maji hayo ndiyo yaliyoifanya Mang'ola ijulikane nchini kwa kilimo cha vitunguu. Mazao hukusanywa katika vituo kama Barazani, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea Arusha, Dar es Salaam na hata nchi jirani ya Kenya.

Wakazi wa bonde hili ni mchanganyiko usio wa kawaida. Wahadzabe huzungumza lugha yenye sauti za kidoko ambayo wanaisimu hawajaihusisha kwa uhakika na familia yoyote nyingine. Wadatoga huzungumza lugha ya Kiniloti. Wairaqw, ambao pia huitwa Wambulu, huzungumza lugha ya Kikushi. Pamoja nao wapo Waisanzu, Wanyiramba na wengine wengi wenye lugha za Kibantu, waliokuja kulima, kufanya vibarua au kuuza bidhaa. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, mferejini na darasani.

Katika biashara ya vitunguu, neno ambalo halikosekani ni lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa juu kipande cha gunia jingine au wavu na kushonewa hapo. Mkulima hulipwa kwa hesabu ya magunia, ilhali mnunuzi huondoka na mzigo uliozidi kipimo. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukipiga vita ufungashaji huo, na sheria hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo, lumbesa imeendelea kujitokeza kwa sababu mnunuzi ana lori na mkulima ana mazao yanayooza.

Kwa mtazamo wa hisabati, lumbesa ni kiasi kisichojulikana kilichofichwa ndani ya kipimo kinachojulikana. Kila mtu hulitaja gunia, lakini hakuna anayeitaja nyongeza. Fumbo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, kwa kufuata muundo wa maswali ya shule, ili lionyeshe hatua zinazojadiliwa.

Mkulima alimuuzia mfanyabiashara magunia 12 ya vitunguu. Kila gunia lilikuwa na ujazo halali wa madebe 6, na juu yake nyongeza ya lumbesa iliyolingana kwa magunia yote. Mzigo ulipopimwa upya mjini, yalipatikana madebe 90. Nyongeza ya kila gunia ilikuwa madebe mangapi?

Hatua ya kwanza ni kukipa jina kisichojulikana: nyongeza ya gunia moja iwe madebe x. Hatua hii ni sentensi, wala si hesabu. Anayeiruka hujikuta baadaye ana x asiyojua kama ni magunia, madebe au shilingi.

Hatua ya pili ni kueleza jambo moja kwa njia mbili. Gunia moja lina madebe 6 + x, na magunia 12 yana madebe 12(6 + x). Kwa upande mwingine, mzigo huohuo umepimwa na kuwa madebe 90. Kwa kuwa ni mzigo mmoja, pande hizo mbili ni sawa:

12(6 + x) = 90

Hatua ya tatu ni kufungua mabano. Namba 12 huzidisha kila kilichomo ndani, kwa sababu kila gunia lina vyote viwili, ujazo halali na nyongeza:

72 + 12x = 90

Hatua ya nne ni kuondoa 72 katika kila upande, ili ibaki nyongeza peke yake:

12x = 18

Hatua ya tano ni kugawanya kila upande kwa 12:

x = 1.5

Hatua ya sita ni kuhakiki kwa kurudi kwenye fumbo. Madebe 6 na debe moja na nusu ni madebe 7.5, na 7.5 mara 12 ni 90. Jawabu ni sahihi. Hapo ndipo maana yake huonekana pia: madebe 90 ni sawa na magunia 15 ya madebe 6. Mkulima amelipwa magunia 12, na mfanyabiashara amepata magunia 15. Magunia matatu yamekwenda bila kulipiwa.

Katika hatua sita hizo, tatu ni za kukokotoa na tatu ni za lugha. Ya kwanza, ya pili na ya sita haziwezi kufanyika pasipo kuelewa maneno. Historia ya aljebra inaonyesha kwamba mgawanyo huo haukutokea kwa bahati.

3. Aljebra ya maneno

Jina aljebra limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika kichwa cha kitabu alichokiandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad takribani mwaka 820. Maana yake ni kurejesha au kuunga kilichovunjika, na neno hilohilo lilitumika kwa kazi ya kuunga mifupa. Katika hisabati lilimaanisha kukiondoa kilichopunguzwa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Neno la pili katika kichwa hicho, al-muqabala, lilimaanisha kukabilisha, yaani kupunguza vitu vya aina moja vilivyopo pande zote mbili. Katika fumbo la lumbesa, hatua ya nne ni ya namna hiyo: 72 iliyomo upande wa kushoto hukabilishwa na 90 iliyo upande wa kulia, na kinachobaki ni 18.

Al-Khwarizmi hakutumia herufi wala alama ya sawasawa. Hata namba alizieleza kwa maneno. Kisichojulikana alikiita kitu au mzizi, na mraba wake akauita mal, neno ambalo kwa Kiswahili ni mali. Tatizo lake lililo maarufu kuliko yote linauliza ni mali ipi ambayo, ikiongezewa mara kumi ya mzizi wake, hufikia 39. Kwa alama za leo, tatizo hilo huandikwa hivi:

x² + 10x = 39

Njia yake huelezwa kwa hatua. Chukua nusu ya 10, upate 5. Zidisha 5 kwa 5, upate 25. Ongeza 39, upate 64. Tafuta kipeuo cha pili cha 64, upate 8. Toa ile 5, ibaki 3. Mzizi ni 3 na mali ni 9. Baada ya kutoa hatua hizo, al-Khwarizmi alichora mraba ili kuthibitisha kwa nini njia hiyo ni sahihi. Mwanafunzi wa leo anayeitwa akamilishe mraba katika mlinganyo wa kipeo cha pili anapita njia hiyohiyo, isipokuwa yeye hupata pia jawabu la pili, yaani -13, ambalo wanahisabati wa Baghdad hawakulikubali kwa kuwa hakuna mali yenye mzizi ulio chini ya sifuri.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mirathi na wasia. Mafumbo yake yaliuliza namna ya kugawa mali ya marehemu kwa warithi wenye mafungu tofauti. Elimu ya mafungu ya mirathi ilifika pia katika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Uislamu, na Kiswahili kilipokea kwa njia ya Kiarabu maneno kama hisabu, sifuri, sita, saba, tisa, ishirini na mali. Maneno hayo yalisafiri na misafara ya biashara hadi bara. Hivyo, mtoto wa Mang'ola anapojifunza Hisabati kwa Kiswahili, hutumia msamiati unaohusiana kwa karibu na ule wa chimbuko la aljebra, ijapokuwa vitabu vya shule havimwambii hivyo.

Aljebra ya maneno haikuwa ya Waarabu peke yao. Nchini China, kitabu cha Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, kilichokuwa kimekamilika kufikia takribani karne ya 1, kina fumbo la bwawa linalojazwa na mifereji mitano. Mfereji wa kwanza hulijaza kwa theluthi ya siku, wa pili kwa siku moja, wa tatu kwa siku mbili na nusu, wa nne kwa siku tatu, na wa tano kwa siku tano. Swali ni iwapo yote ikifunguliwa pamoja bwawa litajaa kwa muda gani. Kwa siku moja mifereji hiyo hujaza mabwawa 3, 1, 2/5, 1/3 na 1/5. Jumla ni mabwawa 74/15 kwa siku, hivyo bwawa moja hujaa kwa 15/74 ya siku, yaani chini kidogo ya saa tano.

Fumbo hilo limeendelea kuishi katika vitabu vya shule duniani kote, kwa kawaida likiwa na mabomba na matangi. Katika Mang'ola lingeweza kurudi kwenye mifereji bila kubadilishwa chochote. Tuseme mfereji mmoja humwagilia shamba kwa saa 6, na mwingine humwagilia shamba hilohilo kwa saa 3. Ikifunguliwa pamoja, itachukua saa ngapi? Wanafunzi wengi hujumlisha 6 na 3 au hutafuta wastani wake. Hata hivyo, mkulima anayesubiri zamu ya maji anajua kwamba mifereji miwili haiwezi kuchukua muda mrefu kuliko mmoja. Jawabu linaanza na sentensi: kwa saa moja, mfereji wa kwanza humwagilia 1/6 ya shamba na wa pili 1/3. Muda wa pamoja ukiwa saa t, basi t/6 + t/3 = 1. Kila upande ukizidishwa kwa 6, hupatikana t + 2t = 6, yaani 3t = 6, na t = 2. Jawabu ni saa 2.

4. Alama na shule za kikoloni

Alama zinazomtisha mwanafunzi wa leo ni changa zikilinganishwa na aljebra yenyewe. Alama ya sawasawa ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, aliyezaliwa Wales. François Viète wa Ufaransa alitumia herufi kwa utaratibu maalumu mwaka 1591. Desturi ya kuviita visivyojulikana x, y na z ilienezwa na René Descartes katika kitabu chake cha mwaka 1637. Kutoka kwa al-Khwarizmi hadi Descartes ni zaidi ya miaka 800. Ingawa vifupisho vya aina mbalimbali vilikuwapo kabla ya hapo, katika sehemu kubwa ya kipindi hicho watu walifikiri aljebra kwa lugha waliyoizungumza au waliyoisoma kwa ufasaha. Alama zilikuja baadaye ili kufupisha maneno ambayo tayari yalieleweka.

Aljebra ya shule ilipoingia Tanganyika, mpangilio huo uligeuzwa. Katika utawala wa Wajerumani, shule za serikali, ya kwanza ikiwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, zilifundisha kwa Kiswahili kusoma, kuandika na hesabu za ofisini na forodhani. Waingereza waliendelea kutumia Kiswahili katika madarasa ya chini, na Kiingereza katika madarasa ya juu. Hesabu za kujumlisha na kugawanya zilikuwa za wengi na za Kiswahili. Aljebra ilikuwa ya wachache na ya Kiingereza. Vitabu kama kile cha Hall na Knight, kilichotoka mwaka 1885, ambavyo vilienea katika shule za himaya ya Uingereza, viliandikwa kwa mtoto ambaye lugha ya kitabu na lugha ya nyumbani kwake ni moja.

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 kulikuwa na jaribio la kuibadili Hisabati yenyewe. Kuanzia mwaka 1962, warsha zilizogharimiwa na Marekani zilifanyika Entebbe, Uganda, ambako walimu kutoka nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza walishiriki kuandika vitabu vya hisabati mpya. Vitabu hivyo vilisisitiza seti na muundo wa namba. Lugha yake ilikuwa ya kidhahania, na walimu wengi hawakuwa wameandaliwa kuifundisha. Mkondo huo ulififia Tanzania katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 Kenya nayo ikaachana nao rasmi. Mageuzi hayo yalishughulikia mada za kufundishwa, wala hayakushughulikia swali la lugha gani mtoto hutumia anapotoka kwenye fumbo kwenda kwenye mlinganyo.

5. Kiswahili darasani: mafanikio ya nusu njia

Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu mwaka 1967. Baada ya Mwalimu Julius Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka huo, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na kufikia mwaka 1977 shule zilikuwa zimefunguliwa hata katika vijiji vilivyokuwa mbali na barabara kuu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilishiriki kusanifu istilahi.

Matokeo ya kazi hiyo yanaonekana katika daftari la mtoto yeyote wa darasa la sita. Mlinganyo, kipeo, kipeuo, kigawe kidogo cha shirika, namba hasi na namba chanya ni maneno yanayotumika bila kigugumizi. Walimu walibuni hata ufupisho wa mpangilio wa matendo, MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ufupisho huo si tafsiri ya neno kwa neno ya BODMAS ya Kiingereza. Umeundwa kwa silabi za Kiswahili, unatamkika kama neno, na mtoto huubeba kichwani maisha yake yote.

Hata hivyo, ufupisho wowote huweza kuficha sababu. Katika 10 - 4 + 3, mwanafunzi anayeifuata MAGAZIJUTO kikasuku hujumlisha 4 na 3 kwanza, kisha hutoa 7 katika 10 na kupata 3. Jawabu sahihi ni 9, kwa sababu alama ya kutoa ni ya 4 peke yake. BODMAS ina mtego huohuo. Ndivyo ilivyo pia kwa kanuni ya kuhamisha upande na kubadili alama. Katika 3x + 5 = 20, anayejua sababu hutoa 5 pande zote na kupata 3x = 15, kisha x = 5. Anayejua kanuni tu huihamisha 5, akasahau kubadili alama, akapata 3x = 25. Namba inayotoka haigawanyiki vizuri, lakini kwake hakuna kinachomwambia kwamba ameipotosha mizani. Tofauti kati ya wanafunzi hao wawili ni sentensi moja: kinachofanywa upande mmoja sharti kifanywe na upande wa pili.

Sentensi kama hiyo huhitaji nafasi katika mtihani ili iheshimiwe darasani. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulianza kusahihishwa kwa mashine, na maswali ya Hisabati nayo yakawa ya kuchagua jawabu. Njia haikuwa tena na alama. Baadaye maswali ya kuonyesha njia yalirudishwa kwa kiasi, jambo lililokiri kwamba jawabu bila hatua halielezi kama mtoto ameelewa.

6. Mlango wa Kidato cha Kwanza

Uamuzi wa mwaka 1967 uliishia mlangoni mwa sekondari. Utafiti wa Penina Mlama na May Matteru uliotolewa mwaka 1978 ulionyesha kuwa wanafunzi walielewa na kujieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 utafiti wa Criper na Dodd ulibaini kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine, lakini hatua iliyofuata ilikuwa ni mradi wa kuimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, ila katika utekelezaji Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya sekondari.

Kwa muda mrefu jambo hili liliwagusa wachache, kwani sekondari zilikuwa chache. Hali ilibadilika baada ya mwaka 2004, mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulipozaa shule za kata, na tena mwaka 2016 ada ilipofutwa hadi Kidato cha Nne. Watoto wa wakulima na wafugaji wa maeneo kama Mang'ola waliingia sekondari kwa wingi usiokuwapo awali. Waliingia wakiwa wamesoma aljebra kwa Kiswahili, na wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza zikatumiwa kuwaandaa kwa Kiingereza.

Kinachotokea hapo kinaweza kufuatwa hatua kwa hatua katika fumbo la lumbesa. Likiandikwa kwa Kiingereza, hatua ya tatu, ya nne na ya tano hazibadiliki hata kidogo: 72 + 12x = 90 ni ileile. Zinazobadilika ni hatua ya kwanza, ya pili na ya sita. Mwanafunzi anayeweza kutatua mlinganyo uliokwisha kuandikwa hushindwa kuupata mlinganyo wenyewe. Naye mwalimu, akitaka kuokoa muda, huandika mlinganyo ubaoni na darasa zima hunakili. Kwa njia hiyo, hatua iliyokuwa moyo wa kazi ya al-Khwarizmi huondolewa mikononi mwa mwanafunzi, na aljebra hubaki kuwa mchezo wa kuhamisha alama.

Matokeo ya kitaifa yanaendana na picha hiyo. Kati ya mwaka 2019 na 2022, watahiniwa waliofaulu Hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne walikuwa karibu asilimia 20 tu kila mwaka, somo likiwa miongoni mwa yanayofanywa vibaya zaidi. Sababu ni nyingi. Upungufu wa walimu wa Hisabati, msongamano wa madarasa na uhaba wa vitabu vina sehemu yake, na haitakuwa haki kuibebesha lugha mzigo wote. Lakini hakuna mojawapo ya sababu hizo inayoeleza kwa nini mtoto aliyefumbua fumbo darasa la saba asilielewe fumbo la aina ileile mwaka unaofuata.

Katika Mang'ola mlango huo ni wa pili. Mtoto wa Kihadzabe au wa Kidatoga alivuka wa kwanza alipoanza shule, akaziacha namba za nyumbani na kuzishika za Kiswahili. Alipozizoea kiasi cha kufikiri kwazo, aliambiwa avuke tena. Mtoto wa mjini aliyezaliwa na Kiswahili huvuka mara moja tu.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hatua za aljebra zina historia, na kwamba historia hiyo ilianza na maneno. Baghdad, China na pwani ya Waswahili, kisichojulikana kilitajwa kwanza kwa lugha inayoeleweka, kisha kikatafutwa. Alama zilipokuja zilifupisha maneno hayo. Shule ya kikoloni ilileta ufupisho kwa lugha ya kigeni kabla ya maneno, na mfumo wa baada ya uhuru uliirekebisha hali hiyo hadi darasa la saba pekee.

Mjadala wa lugha ya kufundishia sekondari utaendelea, na uamuzi wake uko mikononi mwa taifa. Hata hivyo, historia hii inaelekeza kwenye jambo dogo ambalo halihitaji kusubiri sera. Kila kazi ya nyumbani ya aljebra inaweza kuanza na mstari mmoja wa maneno, katika lugha anayoielewa mwanafunzi, unaotaja kisichojulikana ni nini na kinapimwa kwa kipimo gani. Inaweza pia kumalizika na mstari mwingine unaoeleza jawabu lina maana gani kwa watu waliomo ndani ya fumbo.

Katika Mang'ola mistari hiyo ina thamani nje ya darasa pia. Kijana atakayesimama Barazani kando ya lori hataulizwa kanuni ya kuhamisha upande. Atahitaji kutambua kwamba katika magunia 12 yaliyo mbele yake kuna kiasi ambacho hakikutajwa, akipe jina, na akitafute kabla malipo hayajafanyika.